Skana imeonyesha doa kwenye ubongo wa baba: IRM itatuambia nini zaidi?

SWALI: Jambo dokta. Baba yetu ana miaka 56, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Karibu maisha yake yote amefanya kazi ya kuchomelea na kukata vyuma. Mwezi uliopita alianguka kifafa kwa mara ya kwanza, na sasa mkono wa kuume unalegea na maneno yanamkwama. Skana (CT) bila kontrasti, ile dawa ya sindano ya kung'arisha picha, imeonyesha doa mbele, upande wa kushoto, na maji pembeni yake. Daktari ameandika kwenye boni (karatasi ya kuagiza kipimo) “IRM cérébrale”, yaani MRI ya ubongo, na hakuongeza kitu. Wajomba wanasema tuuze kiwanja tumvushe mpaka wa Kasumbalesa aende Zambia au tumpeleke India. Wengine wanasema skana inatosha. IRM itatuambia kama ni kansa? Na tujiandae vipi tusije tukalipa mara mbili?

JIBU: Ndugu yangu, poleni na ugonjwa wa mzee. Nianze na lile linalowagawa nyumbani. Skana ile haitoshi kupangia matibabu, na IRM nayo haitawapa jina la ugonjwa. Itawaonyesha doa liko mahali gani hasa, linagusa nini, ni moja au ni mengi, na lina tabia ipi. Kwa hayo daktari atabaki na dhana mbili au tatu badala ya kumi. Jina lenyewe hutoka maabara, kwenye kipande cha nyama alichokitoa mpasuaji. Tena tangu mgawanyo mpya wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, uvimbe kadhaa wa ubongo haupewi jina kamili mpaka vinasaba vyake vipimwe, na hilo hakuna mashine ya picha inayoliweza. Kwa hiyo ripoti ikisema “inafanana na glioblastoma”, yaani kansa kali ya ubongo, lichukueni neno “inafanana” kwa uzito wake.

Skana msiitupe. Inapima jinsi mionzi inavyozuiwa, ndiyo maana inaona vizuri mfupa, damu mbichi na chembe za chokaa ndani ya uvimbe, na chokaa hiyo wakati mwingine ndiyo inayomwelekeza daktari kwenye oligodendroglioma, aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo. Udhaifu wake ni kutofautisha nyama laini na nyama laini nyingine. Glioma (uvimbe unaoota kwenye seli za ubongo wenyewe) inayokua polepole inaweza kujificha kwenye skana isionekane kabisa. IRM haina mionzi ya namna hiyo. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kusoma hidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili, na ubongo umejaa maji. Mahali ambapo maji yamebadili hali yake, picha inabadilika.

Sasa boni. Hapa ndipo fedha za watu zinapotea. “IRM cérébrale” peke yake inampa fundi ruhusa ya kupiga picha za kawaida bila sindano, akamaliza, mkarudishwa nyumbani, kisha mpasuaji akawaambia mrudie. Mrudieni daktari aongeze mistari michache: umri, tarehe ya kifafa, mkono uliolegea na kukwama kwa maneno, skana imeona nini, mzee anatumia dawa gani na tangu lini, halafu swali lenyewe: ni uvimbe au ni jipu? Na iandikwe wazi kwamba inatakiwa bila kontrasti na pamoja na kontrasti, difusheni (picha ya mwendo wa maji, nitaieleza) ikiwemo. Kama upasuaji unafikiriwa, mwulizeni mpasuaji kabla ya kulipa kama anataka T1 (aina mojawapo ya picha za IRM) ya pande tatu yenye vipande vya milimita 1, inayochukua kichwa kizima hadi pua na masikio. Mashine ya kumwongoza mpasuaji inahitaji sura ya nje ya kichwa ili ijilinganishe. Picha nzuri iliyokata pua inaweza kurudiwa kwa sababu hiyo tu.

Mnacholipia ni mifuatano kadhaa ya picha, na kila mmoja unauliza swali lake. T1 ya kabla ya sindano inaonyesha umbo la ubongo, na inavifichua vitu ambavyo ni vyeupe tayari: damu ya siku kadhaa, mafuta, melanini. Bila hiyo, weupe utakaoonekana baada ya sindano hamtajua ni wa dawa au ulikuwepo. T2 inafanya maji yote kuwa meupe. FLAIR ni ndugu yake, ila inazima maji huru ya kwenye vyumba vya ubongo ili maji yaliyotuama pembeni ya uvimbe yajitokeze. Yale “maji” ya kwenye skana yenu yatapimwa vizuri hapo. Upo pia mfuatano wa kutafuta chembe za damu ya zamani na chokaa. Halafu difusheni, ambayo kwa mji wetu ningeiita ya lazima. Naifikia sasa hivi. Mwisho ni T1 baada ya gadolini.

Gadolini ni dawa ya sindano ya mshipa. Ubongo wenye afya hauiruhusu kupita, kwa sababu mishipa yake ina kizuizi. Kizuizi kikivunjika, dawa inavuja na mahali pale panang'aa. Kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya mwili. Chupa nyingi zina milimoli 0.5 kwa mililita, hivyo mzee wa kilo 70 anapata mililita 14. Ipo aina yenye nguvu maradufu, ambayo mililita 7 ndizo kipimo kamili, kwa hiyo msidhani mmepunjwa mkiona sindano ndogo. Mzee apimwe uzito siku hiyo hiyo, asikadiriwe kwa macho. Na baada ya sindano fundi asikimbilie picha: dakika 4 hadi 8 ndizo zinazoshauriwa, na fundi mzoefu huutumia muda huo kupiga T2. Picha ikiwahi mno, doa dogo linabaki hafifu.

Kung'aa hakumaanishi kansa. Meninjioma, inayoota kwenye utando unaofunika ubongo na mara nyingi si kansa, hung'aa yote sawasawa, tena mara nyingi ikiwa na mkia kwenye utando. Glioma za daraja la chini nyingi hazing'ai kabisa, na bado ni uvimbe unaotakiwa kutibiwa. Mtu akiwaambia “haikushika kontrasti, basi si kitu”, mwombeni aangalie tena FLAIR.

Kinachosumbua zaidi ni pete: ukingo unang'aa, katikati giza. Glioblastoma inafanya hivyo, na kansa iliyohama kutoka kwenye mapafu au titi pia. Lakini hata jipu la usaha linafanya hivyo hivyo, na kifua kikuu cha ubongo, na toksoplazmosi (maambukizi ya kimelea) kwa mwenye virusi vya UKIMWI, na vifuko vya mabuu ya tegu vinapoanza kufa. Kwetu magonjwa haya yapo, na yana dawa. Kumwambia mtu ana kansa wakati ana tibi ya ubongo ni hasara isiyosemeka, ndiyo maana naisisitiza difusheni. Inapima uhuru wa maji kutembea. Usaha ni mzito kama uji wa sima ulioanza kushika: maji yamebanwa, kwa hiyo katikati ya pete panang'aa kwenye difusheni na panakuwa peusi kwenye ramani ya ADC, picha ya pili inayokokotolewa kutoka kwenye difusheni. Katikati ya glioblastoma kwa kawaida ni nyama iliyooza ikawa majimaji, na hapo mambo yanageuka: peusi kwenye difusheni, peupe kwenye ADC. Picha hizo mbili zisomwe pamoja, maana kuna weupe wa difusheni ambao ni kivuli cha T2 tu. Na si sheria ya chuma. Toksoplazmosi mara nyingi haina usaha wa namna hiyo, tuberkuloma (uvimbe wa kifua kikuu) hubadilika kulingana na umri wake, na zipo kansa zilizohama zinazojifanya jipu. Hapo daktari anatazama mengine: ukuta wa jipu ni mwembamba na laini, wa glioblastoma ni mnene na una mikunjo, glioma huweza kuvuka katikati na kuingia upande wa pili, kansa iliyohama hupenda mpaka kati ya sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe, na huwa na maji mengi kuliko ukubwa wake. Kifuko cha tegu kinaweza kuonyesha nukta ndani, hicho ni kichwa cha mdudu. (Wasiokula nguruwe nao hupata: mayai huingia kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu.)

Kutokana na hayo, kabla hamjauza hata tofali, fanyeni vipimo vinavyopatikana hapa mjini kwa bei ndogo: virusi vya UKIMWI, radio (eksirei) ya kifua, makohozi kama anakohoa, na kreatinini ya figo. Radio ya kifua ikionyesha uvimbe kwenye pafu, huenda kipande cha kupima kikachukuliwa huko badala ya kufungua fuvu, na mpango wote wa safari ukabadilika.

Kuna jambo hamkuuliza, nalo linanipa wasiwasi kuliko yote: kazi ya mzee. Cheche ya chuma kutoka kwenye diski ya kukatia inaweza kuingia ndani ya jicho ikakaa miaka bila maumivu. Sumaku ya Tesla 1.5 ina nguvu kama mara 30,000 ya ile ya dunia. Inaweza kukigeuza kipande hicho na kuchana ndani ya jicho. Tukio la kutokwa damu ndani ya jicho baada ya IRM liliandikwa na madaktari tangu mwaka 1986. Kabla ya kuingia atapewa karatasi ya maswali, na hapo kuna mtego: mzee maneno yanamkwama, atajibu “hapana” ili yaishe. Karatasi ijazwe na mama, au na mwenzake wa atelie anayejua historia yake. Swali la kumwuliza ni hili: je, chuma kiliwahi kumwingia jichoni, na ni daktari aliyekitoa na kuhakikisha kimekwisha, au ni mwenzake kazini kwa ncha ya kitambaa? Kama ni la pili, au hakuna anayekumbuka, macho yapigwe picha kwanza. Anzeni na skana mliyo nayo. Mwombeni mtaalamu wa radiolojia aangalie kama vipande vyake vilishuka vikachukua macho yote mawili, juu hadi chini. Kama ndiyo, atakiona chuma humo bila gharama mpya, maana skana inaona chuma vizuri kuliko radio. Kama ilikata juu ya macho, hapo ndipo mlipie radio ya macho. Mengine ya kutaja hata kama hamkuulizwa: kipande cha risasi mwilini, kifaa cha kuongoza moyo, klipu iliyowekwa kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha sikio, chuma cha mfupa. Chukueni na makaratasi ya hospitali iliyoviweka. Meno ya bandia yanatolewa. Meno yaliyozibwa hayana shida, yanaweza tu kuharibu picha ya jirani.

Figo: kreatinini inatumika kukadiria kasi ya kuchuja. Chini ya 30, gadolini za aina ya zamani zenye muundo wa mnyoofu zinaweza kuleta ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa; Ulaya ilisimamisha kadhaa kati yake mwaka 2017. Ulizeni kama wana ile ya muundo wa duara. Na kama mzee aliwahi kuwashwa na kontrasti ya skana, semeni, ila ile ni ayodini, dawa nyingine kabisa; haimzuii moja kwa moja kupata gadolini.

Siku yenyewe, mzee ameze dawa zake za kifafa kwa saa yake ya kawaida. Watu wengi huziacha kwa kudhani ni lazima kufunga, na kifafa kinampata ndani ya mashine. Avue saa, mkanda, medali ya shingoni, nguo yenye zipu. Uchunguzi unachukua dakika 30 hadi 45, kelele zinapita desibeli 100, hivyo adai viziba masikio. Asipishanishe miguu wala kushikanisha viganja, kwa sababu ngozi ikigusana inafanya duara la umeme na inaweza kuungua. Kama mnajua hatatulia, mwambieni fundi mapema aanze na difusheni na FLAIR, zile ambazo zikikosekana hakuna maana ya kuja. Picha iliyotikiswa haitengenezwi baadaye.

Umeme: pigeni simu asubuhi muulize kama mashine inafanya kazi na kama jenereta ina mafuta, maana SNEL mnaijua. Ukikatika katikati kabla ya sindano, mnaanza upya bila hasara kubwa. Ukikatika baada ya sindano, msikubali kipimo cha pili cha gadolini papo hapo kabla daktari hajaamua. Tena mashine za sumaku kubwa hazizimiki na umeme. Nyaya zake zimezama kwenye heli ya majimaji, kama nyuzi 269 chini ya sifuri, na mkondo unaendelea kuzunguka. Kwa hiyo gizani asiingie mtu kwa haraka na chupa ya oksijeni au kiti cha magurudumu cha chuma.

Kuhusu nguvu ya mashine, Tesla 1.5 inatosha kabisa kwa swali lenu. Tesla 3 ni nzuri lakini nisingevuka mpaka kwa ajili yake. Mashine ndogo za wazi, za Tesla 0.2 hadi 0.4, zitaona uvimbe mkubwa, ila madoa madogo yanaweza kupita, na vipande vyembamba vinatoka na chenga. Kama doa ni moja au ni matatu ndiyo swali, mashine ndogo inaweza kuwadanganya.

Jambo lingine ni dawa ya deksametazoni, ambayo ni steroidi. Inapunguza maji kwenye ubongo na mara nyingi inampa mgonjwa nafuu ndani ya siku chache. Inapunguza pia kung'aa kwa gadolini, na kama ugonjwa ni limfoma (kansa ya chembe za kinga), doa linaweza kusinyaa kiasi kwamba hata biopsi (kutoa kipande cha kupima) haipati kitu. Kama ameshaanzishiwa, msiikatize wenyewe, kuisimamisha ghafla ni hatari. Andikeni tu tarehe ya kuanza na kipimo kwenye boni. Kama hajaanza na hali yake imetulia, mwulizeni daktari kama inaweza kungoja picha. Lakini akianza kusinzia kupita kawaida, kutapika asubuhi na kichwa kikizidi, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au kifafa kupita dakika 5, hiyo ni dharura: hospitali usiku huo huo, na IRM isubiri.

Mkitoka, msiridhike na klishe (picha za filamu) mbili na karatasi. Daini CD yenye picha zote kwa muundo wa DICOM, ule unaosomwa na kompyuta za hospitali, na ifunguliwe pale kaunta: jina ni la mzee, tarehe ni ya leo, T1 ya kabla na ya baada zipo, difusheni ipo pamoja na ADC. Ripoti iwe na vipimo vitatu vya doa kwa milimita, na mstari wa katikati wa ubongo umesukumwa milimita ngapi. Hizo namba ndizo zitakazotumika baadaye. Mfano: doa linalong'aa la sentimita 3 kwa 2 ni 6, miezi mitatu baadaye likiwa 3.5 kwa 2.2 ni 7.7, limeongezeka kwa asilimia 28, na asilimia 25 ndipo madaktari wanapoanza kusema ugonjwa umeendelea. Milimita tano upande mmoja na mbili upande mwingine, basi. Ukilinganisha picha ya vipande vya milimita 6 na nyingine ya milimita 1, au mashine mbili tofauti, kosa la kupima peke yake linaweza kuleta tofauti hiyo. Akipasuliwa, IRM ya kuangalia mabaki ifanyike ndani ya saa 48, isipite 72, kwa sababu baada ya hapo kidonda chenyewe kinang'aa. Na akipewa mionzi, ongezeko la miezi mitatu ya mwanzo linaweza kuwa ni mwitikio wa matibabu tu. Picha moja ya wakati huo isiwafanye mbadilishe dawa.

Kiwanja bado msikiuze. CD ile ina kama megabaiti mia kadhaa. Ifungasheni faili moja muitume kwa kiungo cha intaneti kwa mpasuaji wa hapa kwanza, kisha wa Lusaka au India kama mnataka maoni ya pili, pamoja na skana, boni na majibu ya vipimo. Atawaambia kama kazi inaweza kufanyika, na wapi, kabla mzee hajapanda gari. Msimtumie klishe zilizopigwa kwa simu mbele ya dirisha: ukubwa wake haupimiki, difusheni haisomeki, na atakachowajibu ni kuwaomba CD.